Plasta ya Dawa: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mgonjwa Nyumbani

Ukiwa unamuuguza mzazi au ndugu mwenye saratani, huenda siku moja ukatoka hospitali na boksi jepesi lenye bahasha chache, na ndani ya kila bahasha kipande chembamba kinachonata. Umeambiwa ukibandike kifuani, kikae siku tatu, kisha ubandike kingine. Hakuna kidonge cha kumeza wala sindano ya kuchoma. Kwa jinsi kitu chenyewe kilivyo chepesi, ni rahisi kukidhania plasta ya kufunikia kidonda. Sivyo kabisa. Ndani yake mna dawa kali inayoingia mwilini saa baada ya saa, usiku na mchana, mgonjwa akiwa amelala au yu macho, wewe ukiwepo au usipokuwepo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayebaki na mgonjwa baada ya daktari kumaliza maelezo yake. Nitakaa zaidi kwenye plasta ya fentanili, dawa ya maumivu makali, kwa kuwa ndiyo yenye msaada mkubwa na hatari kubwa kwa pamoja. Nyingine nitazigusa mbele. Ila shika jambo hili tangu sasa: dawa ya plasta huanza taratibu na huisha taratibu. Makosa mengi yanayofanyika nyumbani hutokana na kuisahau sifa hiyo.

Dawa inapitaje kwenye ngozi?

Kazi ya ngozi ni kuzuia. Tabaka lake la juu kabisa lina unene wa takriban milimita 0.01 hadi 0.02 tu, lakini ndilo linalofanya maji ya mwili yasikauke na vitu vya nje visituingie ovyo. Limejengwa kama ukuta wa matofali: seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo udongo unaoyashika. Dawa ya plasta hupenya kwa kufuata hayo mafuta, ikashuka hadi kwenye mishipa midogo ya damu, kisha damu ikaichukua na kuisambaza mwili mzima. Kwa hiyo plasta iliyobandikwa kifuani haitibu kifua. Inatibu maumivu popote yalipo, iwe mgongo, nyonga au tumbo. Hapo ndipo inapotofautiana na zile plasta za kuchua zinazouzwa madukani kwa ajili ya mgongo na viungo, zenye harufu ya mentoli au pilipili, ambazo kazi yake huishia karibu na pale zilipobandikwa.

Si kila dawa inayoweza kupita njia hii. Molekuli yake sharti iwe ndogo, na dawa yenyewe iwe na nguvu kiasi kwamba miligramu chache kwa siku zinatosha. Wanaotengeneza dawa huchukulia uzito wa daltoni 500 kuwa ndio mpaka wa kawaida. Nikotini ina daltoni 162 na fentanili 336, kwa hiyo zinapita. Insulini ina karibu 5,800, na ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anaendelea kuchoma sindano. Kile kifaa cha duara ambacho baadhi ya wenye kisukari hukibandika mkononi hakiingizi dawa yoyote. Kinapima sukari kwa uzi mwembamba uliochomekwa chini ya ngozi. Parasetamoli nayo, ambayo mtu mzima humeza gramu nzima kwa mara moja, isingeweza kutosha kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja.

Mbona basi watu wahangaike na njia ngumu hivyo? Kwa sababu dawa ya kumeza hupita tumboni na utumboni, kisha kwenye ini, na kwa baadhi ya dawa ini huharibu sehemu kubwa kabla hazijafika zinakohitajika. Ngozi huikwepa safari hiyo. Mgonjwa anayetapika kila anachotia mdomoni anaipata dawa yake. Vivyo hivyo mwenye saratani ya umio, ugonjwa ulioenea sana Afrika Mashariki, ambaye amefika mahali hata uji haupiti. Na kwa kuwa dawa huingia kwa kiwango kilekile muda wote, mgonjwa hapandi na kushuka kati ya dozi moja na nyingine, wala haamshwi usiku wa manane kunyweshwa.

Plasta ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1979. Ilikuwa ya skopolamini, dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari, na ilibandikwa nyuma ya sikio ikafanya kazi siku tatu. Ilibuniwa na ALZA, kampuni ya Alejandro Zaffaroni, mwanasayansi mzaliwa wa Uruguay. Plasta ya fentanili ilifuata mwaka 1990, na ya nikotini mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiingiza plasta ya fentanili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya maumivu ya saratani.

Kabla hujabandika ya kwanza

Uliza kama mgonjwa wako amekwisha kuzoea mofini au dawa nyingine ya jamii yake. Plasta ya fentanili si dawa ya kuanzia. Ile ya mikrogramu 25 kwa saa, ambayo wengi huidhania ndogo, inakaribiana na miligramu 60 hadi 90 za mofini ya kunywa kwa siku. Mwili usiozoea unaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo haifai kwa jino linalouma, kwa maumivu ya baada ya upasuaji, wala kwa kichwa kinachogonga. Na usimgawie jirani hata moja, hata kama naye ana saratani na analia kwa maumivu. Huo ni wema unaoweza kuua.

Tena usidhani kwamba plasta ni bora kuliko mofini kwa kuwa ni ya kisasa na bei yake ni kubwa. Mofini ya maji, ile inayopimwa na kunyweshwa, imewatuliza wagonjwa wengi sana katika nchi zetu. Hospice Africa Uganda imekuwa ikiitumia tangu ilipoanzishwa mwaka 1993, na kwa mgonjwa anayeweza kumeza bado ndiyo chaguo zuri la kwanza: ni ya bei nafuu, inafanya kazi haraka, na dozi yake inapandishwa au kushushwa siku hiyohiyo. Mimi ninaamini hakuna sababu ya familia kuuza shamba inunue plasta ilhali mofini inamtosha mgonjwa. Plasta ina mahali pake: asiyeweza kumeza, anayetapika, na yule ambaye maumivu yake yamekwisha kutulia kwenye kiwango kinachojulikana.

Sasa siku ya kwanza. Ukibandika asubuhi usitarajie nafuu mchana. Dawa hujikusanya kwanza ndani ya ngozi, kisha huingia kwenye damu kidogo kidogo, na huchukua saa 12 hadi 24 kabla ya nguvu yake kuonekana sawasawa. Usiku huo wa kwanza ndio mgumu. Mgonjwa anaumwa, ndugu wamekusanyika, mmoja anasema plasta hii haifanyi kazi, tuongeze nyingine. Usikubali. Ukiongeza ya pili saa nne usiku, zote mbili zitafikia nguvu zake kesho, mgonjwa akiwa usingizini. Kabla hujatoka hospitali, mwulize daktari mgonjwa aendelee kunywa mofini kwa saa ngapi baada ya kubandika, na anywe kiasi gani maumivu yakichomoza katikati. Andika majibu yake kwenye karatasi mbele yake. Mofini ya kunywa ndiyo ya kuziba pengo la siku ya kwanza na maumivu ya ghafla. Plasta haiwezi kazi hiyo.

Namna ya kubandika

Chagua sehemu tambarare: kifua upande wa juu chini ya mtulinga, mgongo wa juu, au mkono juu ya kiwiko kwa nje. Kama mgonjwa amechanganyikiwa na huvuta chochote anachokigusa, bandika mgongoni juu, asipofikia. Epuka mahali pa kukunjika, mahali panapobanwa na sidiria au mkanda, na ngozi iliyochomwa na mionzi ya matibabu. Epuka pia kidonda, upele, na chale mbichi. Waganga wanaochanja na kupaka dawa kwenye chale wanaijua kanuni hii kwa vitendo: ngozi iliyokatwa haizuii tena. Dawa iliyokusudiwa kuingia kwa siku tatu itaingia kwa kasi ambayo hakuna aliyeipanga.

Kwa sababu hiyohiyo usinyoe nywele kwa wembe. Zipunguze kwa mkasi. Safisha ngozi kwa maji matupu, bila sabuni, bila spiriti, na siku hiyo usimpake mgonjwa mafuta ya nazi wala losheni mahali hapo, maana sabuni na spiriti huweza kubadilisha upenyaji na mafuta huifanya plasta iteleze. Kausha vizuri. Kwenye joto la pwani hili ndilo linalowashinda wengi: mgonjwa anatoka jasho, plasta inabandikwa juu ya unyevu, na jioni kingo zimeinuka. Mkalishe penye upepo au feni hadi ngozi iwe kavu kabisa, ndipo ufungue bahasha. Usiifungue mapema ukaiacha mezani.

Bandua karatasi ya kinga bila kugusa upande unaonata, weka, kisha gandamiza kwa kiganja kwa sekunde 30, ukimalizia kwa kupitisha kidole kwenye kingo zote. Nawa mikono kwa maji. Kingo zikianza kuinuka baadaye, zishike kwa utepe wa hospitali pembeni. Ikibanduka yote, usiibandike tena: weka mpya mahali pengine na uanze kuhesabu upya siku tatu.

Usiikate kamwe ili kupata nusu dozi. Kuna plasta ambazo dawa yake imechanganywa ndani ya gundi, na kuna ambazo dawa imo kwenye kifuko mithili ya jeli. Ukikata yenye kifuko, dozi ya siku tatu inamwagika kwenye ngozi kwa mara moja. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Dozi ikiwa kubwa, rudi hospitali upewe yenye nguvu ndogo. Fentanili inatengenezwa kuanzia mikrogramu 12 kwa saa.

Kubadilisha

Siku tatu maana yake ni saa 72. Ukibandika Jumatatu saa mbili asubuhi, inayofuata ni Alhamisi saa mbili asubuhi, kisha Jumapili, kisha Jumatano. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama mwezi mzima, na kando ya kila alama andika mahali ulipobandika: kifua kulia, mgongo kushoto. Usirudie mahali palepale kwa siku kadhaa, ngozi ipumzike.

Itoe ya zamani kabla ya kuweka mpya. Sentensi hiyo inaonekana haina haja ya kuandikwa, lakini kosa la kuacha ya zamani mwilini limekwisha gharimu maisha. Plasta nyingi ni angavu na hazionekani vizuri. Kwenye nyumba ambamo anauguza dada leo na shemeji kesho, kila mmoja akiwa na nia njema, mgonjwa anaweza kukutwa na tatu. Kabla ya kubandika mpya, kagua mwili wote kwenye mwanga wa kutosha: mgongo, chini ya matiti, nyuma ya mikono. Na ni heri kazi hii ifanywe na mtu mmoja, mwingine ajue tu ili amsaidie siku akisafiri.

Joto

Hili ningependa ulisome mara mbili, kwa sababu linagongana na namna yetu njema kabisa ya kuuguza. Joto hupanua mishipa ya damu na kuifanya ngozi ipitishe dawa kwa wingi. Mwili wa mgonjwa ukifika nyuzi 40, kiasi cha fentanili kwenye damu kinakadiriwa kupanda kwa takriban theluthi moja, na hiyo ni homa tu, bila mtu kuongeza chochote.

Sasa fikiria tunayoyafanya kwa upendo. Mama analalamika mgongo, binti anachemsha maji na kumkanda kwa taulo la moto. Baba ana mafua, anafunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini na mchaichai ajifukize. Bibi anahisi baridi, anawekewa chupa ya maji ya moto kitandani au anasogezwa karibu na jiko la mkaa. Kila moja ya hayo linaweza kumzidishia dawa mtu mwenye plasta bila yeyote kugusa dozi. Usimkande karibu na plasta, usimfukize, usimwache juani muda mrefu. Aoge kwa maji ya vuguvugu, na dodoki lisipite juu ya plasta.

Akipata homa, usingoje ijipoze. Apimwe malaria, apewe dawa ya kushusha homa, na siku hiyo mwangalie mara kwa mara anavyopumua na anavyoamka. Mjulishe daktari.

Wajukuu

Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kuchunguza visa 26 vya watoto waliokutana na plasta za fentanili kwa bahati mbaya. Watoto 10 walifariki. Wengi walikuwa na umri wa miaka miwili au chini ya hapo. Baadhi waliziokota zilikotupwa, wengine ziliwahamia kutoka mwilini mwa mtu mzima aliyewabeba.

Kwetu mtoto hulala na bibi. Bibi humbeba mjukuu mgongoni kwa kanga, ngozi kwa ngozi, jasho kwa jasho. Plasta iliyoinuka ukingo inaweza kubandukia shavuni mwa mtoto usiku na asubuhi pasiwe na anayejua. Kwa muda wote bibi anapotumia plasta, mtoto alale kwingine. Asibebwe upande wenye plasta. Plasta ifunikwe na nguo, na iguswe kila asubuhi na kila jioni kuhakikisha ingalipo. Usiiite “stika” mbele ya watoto, na usibandike huku wakitazama; mtoto wa miaka mitatu huiga.

Ukikuta plasta kwenye mwili wa mtoto, ibandue, osha hapo kwa maji mengi, na umkimbize hospitali hata kama anacheza. Dawa iliyokwisha kuingia kwenye ngozi itaendelea kuingia kwenye damu.

Dawa nyingine anazotumia

Daktari wa saratani huenda hajui kila kilicho kwenye mfuko wa dawa nyumbani, kwa hiyo mpelekee mfuko mzima. Ritonavir, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, huzuia ini kuiondoa fentanili, na dawa za fangasi kama flukonazoli zinaweza kufanya hivyo pia. Fentanili hujaa mwilini. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huiondoa upesi, maumivu yakarudi, na ndugu wakadhani plasta ni bandia. Balungi nalo liache. Pombe, diazepamu na dawa nyingine za usingizi zikiongezwa juu ya fentanili huweza kusimamisha pumzi.

Choo kitakuwa kigumu, kwa sababu dawa zote za jamii hii hulegeza utumbo. Omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo ya kwanza. Na akipelekwa kwenye kipimo cha MRI, mwambie mhudumu kuhusu plasta yoyote aliyonayo, kwani baadhi zina karatasi nyembamba ya chuma mgongoni na zimewahi kuwaunguza watu ndani ya mashine.

Plasta nyingine utakazokutana nazo

Ya nikotini humsaidia anayeacha sigara. Mvutaji wa zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21 kwa wiki sita, halafu 14 kwa wiki mbili, halafu 7 kwa wiki mbili. Hubandikwa kila asubuhi. Ndoto zikiwa nyingi na za kutisha, ivuliwe kabla ya kulala. Nayo pia ni sumu kwa mtoto.

Ya nitrogliserini ni ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, na huvuliwa kwa saa 10 hadi 12, kwa kawaida usiku, kwa sababu mwili ukikaa nayo mfululizo huizoea na dawa hukosa nguvu. Mwanamume anayeitumia asimeze dawa za nguvu za kiume kama sildenafili. Presha inaweza kushuka hadi azimie au afe. Hili waambiwe waziwazi hata wazee, bila haya.

Ya uzazi wa mpango hubadilishwa kila wiki kwa wiki tatu, wiki ya nne hukaa bila. Haibandikwi kwenye titi. Uwezo wake hupungua kwa mwanamke mwenye kilo 90 na zaidi, na rifampisini huudhoofisha. Ya rivastigmini, kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, hubadilishwa kila siku, na ngozi ileile isirudiwe kabla ya siku 14. Ukishika ya skopolamini nawa mikono mara moja, maana ukijigusa jicho mboni hupanuka na kuona kunafifia.

Kisha kuna zile za kubandika chini ya nyayo usiku, zinazodaiwa kunyonya sumu mwilini na kugeuka nyeusi asubuhi. Usinunue. Wengi waliozichunguza wamezimwagia maji tu na zikageuka nyeusi vilevile, kwa kuwa ndani mna siki ya miti inayobadilika rangi ikilowa. Mwaka 2009 tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki waliokuwa wakiuza plasta za nyayo za Kinoki kwa madai yasiyo na ushahidi. Ngozi ya nyayo, iliyo nene kuliko sehemu nyingi za mwili, si njia ya kutolea sumu. Kazi hiyo ni ya ini na figo.

Habari njema imetoka Afrika Magharibi. Nchini Gambia watafiti wamejaribu plasta yenye vichomeo vidogo sana visivyoonekana vizuri kwa macho, ikiwa na chanjo ya surua na rubela, ikabandikwa kwenye kifundo cha mkono kwa dakika tano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto wachanga walipata kinga dhidi ya surua kwa dozi moja. Vichomeo hivyo hutoboa tabaka la juu la ngozi, ndiyo maana hata chanjo hupita. Bado haijafika kliniki zetu.

Kuitupa, na siku ya hatari

Plasta ya fentanili iliyokaa siku tatu inaweza kubaki na nusu ya dawa yake au hata zaidi. Ukiibandua, ikunje katikati upande unaonata ukutane wenyewe, uifinye ishikane. Njia nzuri ni kuzirudisha hospitali au kwenye duka la dawa ulikozichukua. Isipowezekana, itupe moja kwa moja ndani ya choo, kiwe cha maji au cha shimo. Usiiache kwenye jaa ambako watoto huchezea, wala kwenye pipa lisilo na kifuniko. Zilizobaki zifungiwe kabatini kwa ufunguo. Mgonjwa akifariki, katikati ya msiba na watu wengi nyumbani, mtu mmoja akumbuke kuzitoa mwilini na kuzirudisha zote.

Dalili za dawa kuzidi ni hizi: usingizi mzito asioamka kwa kuitwa, mkoromo mgeni ambao hukuwahi kuusikia, mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano, na pumzi chache. Hesabu kwa dakika nzima ukitazama kifua chake. Zikiwa chini ya kumi, usingoje kupambazuke. Angalia midomo, ufizi na kucha kama zimepauka au kugeuka samawati.

Bandua kila plasta iliyo mwilini. Mwite kwa sauti, mtikise bega, mwambie apumue. Mlaze ubavu. Usimpe maziwa, kahawa wala kitu chochote mdomoni, usimmwagie maji baridi. Tafuta usafiri mara moja, chukua boksi la plasta mkononi, na neno la kwanza kwa muuguzi wa mapokezi liwe: ana plasta ya fentanili. Kuna dawa ya kuipinga, naloksoni, na hufanya kazi kwa dakika chache.

Akizinduka, usiombe aruhusiwe kurudi nyumbani usiku huo. Naloksoni huisha mapema kuliko fentanili. Plasta ikishabanduliwa, dawa iliyojikusanya kwenye ngozi huendelea kuingia, na huchukua saa 17 au zaidi kiwango kilicho kwenye damu kupungua hata kufikia nusu. Akae hospitali akiangaliwa kwa angalau saa 24.